Mlango Nilioufunga Mchana Kweupe

Zena binti yangu,

Usicheke mwandiko. Unajua mimi na kalamu hatujawahi kuelewana, na kitu kirefu nilichowahi kuandika tangu nitoke shule ni vipimo vya geti. Leo nimefunga karakana mara tu baada ya Alasiri, nimekaa kwenye benchi la kazi na daftari lile lile la vipimo. Wewe na mama yako mmekwenda Buyenzi kuwaaga mashangazi zako. Nawajua mashangazi, hawatawaachia kabla hamjala mara mbili, kwa hiyo nina muda.

Mambo ya safari mama yako ameyamaliza. Ameshakuambia kuhusu chandarua, kuhusu maji ya kuchemsha, na kuhusu wanaume wa Dar es Salaam, ingawa Dar es Salaam yenyewe hajafika hata siku moja. Mjomba wako Hamisi, ambaye maisha yake yote ni makaratasi ya mizigo pale bandarini, ameshakupatia nafasi kwenye meli hadi Kigoma, na kutoka Kigoma utapanda treni. Sina la kuongeza hapo. Mimi nina jambo moja tu, na nimelikalia miaka mitatu.

Nikuambie mapema, usije ukahangaika kulitafuta katikati ya maneno mengi. Ule mlango wa nyumba ya Mzee Kazungu, ambao uliapa kwamba aliyeufunga hutampa salamu mpaka ufe, niliufunga mimi. Hakuwa shefu wa kartiye, mkuu wa mtaa wetu. Hawakuwa polisi. Ni mimi baba yako, kwa mashine yangu ya kuchomelea, mchana kweupe, watu wakinitazama.

Sasa umejua. Ukitaka kuacha kusoma hapa, acha, una haki. Lakini kama subira ipo, nisikilize namna ilivyokuwa, kwa sababu unakwenda kujifunza kazi ya kuwatunza watu kama kaka yako, na huko utakutana na wazazi wa aina yangu.

Wewe ulikuwa Gitega kwenye shule ya uuguzi wakati nyumba yetu inaharibika. Ulikuwa ukija likizo tunakuonyesha uso mzuri. Kwa hiyo kaka yako Rama unayemkumbuka ni yule wa zamani, aliyekuwa akiimba huku anapiga msasa madirisha, na mimi namwambia anyamaze, wateja watadhani hii ni baa. Kaka yako alikuwa na mkono mzuri kuliko wangu, Zena. Mshono wake kwenye chuma ulitoka umelala sawa, hauhitaji kusuguliwa. Niliona hivyo tangu ana miaka kumi na saba. Sikumwambia hata siku moja. Niliogopa atavimba kichwa, kwa hiyo kila akimaliza kazi nilitafuta kasoro, na nikikosa kasoro nilisema amechelewa.

Alianza unga, ile heroini ambayo vijana hapa mjini wanaiita busti, kwanza kwa kuvuta moshi, baadaye kwa sindano. Mama yako aliona mapema. Mimi nilikuwa wa mwisho, na nilijua kwa sababu ya waya. Asubuhi moja nimefika kazini, waya mkubwa wa mashine haupo, ule wenye shaba ndani. Nilimshika Rama shati mbele ya wateja wawili. Hakukataa.

"Baba, niko mugonjwa," akasema.

"Mugonjwa wa nini? Mugonjwa anaenda hospitali. Mwizi anaenda jela."

Nikampiga. Alikuwa mrefu kuliko mimi na hakunyanyua mkono kujikinga. Jioni ile nilitoa godoro lake nikalitupa barabarani, na mama yako alipolia nilimwambia machozi yake ndiyo yaliyomharibu mtoto. Maneno hayo ameshanisamehe, anasema. Bado hatuwezi kulala bila mmoja wetu kuamka na kwenda kutazama kama geti liko wazi, japo hakuna tena wa kuingia.

Rama akaenda kuishi kwenye ile nyumba ya Mzee Kazungu. Unaijua, ile aliyoiacha haijapakwa rangi wala kuwekwa milango, akahamia Uvira kwa watoto wake. Walikuwamo vijana tisa au kumi, wavulana na wasichana wawili. Kila Jumanne na Ijumaa alikuwa akiwatembelea Fiston. Fiston unamjua kwa jina zuri sasa, lakini siku zile mimi nilimjua kama kijana mwembamba mwenye mfuko wa kijani ambaye anagawa sindano. Mwenyewe alikuwa ametumia unga miaka mingi, akaacha, asosiyasyo moja ya afya, yaani chama, ikamchukua afanye kazi ya kuwafikia wenzake. Kwenye mfuko alikuwa na sindano mpya, pamba, maji safi, vipimo vya damu, na kidumu cha kukusanyia sindano zilizotumika.

Siku moja nilimzuia barabarani, nikamkunjia ngumi.

"We ndo unagawia batoto sindano! Unabafundisha kujiua!"

Alishusha mfuko chini, taratibu. "Apana, Mzee. Mi sibafundishe. Ile mambo banaijua tayari. Nikikosa kuleta mupya, batatumia moja batu tano, na ugonjwa ya mumoja inakuwa ya bote. Tena nikiingia mule naangalia nani anapumua mubaya."

"Na mwanangu?"

"Rama iko. Anakusalimia."

Nilitema mate. Sikumtemea yeye, nilitema chini, lakini aliona. Akachukua mfuko wake akaenda zake.

Halafu kikaja kile kikao cha kartiye. Betri za magari zilikuwa zinapotea, na viatu vilikuwa vinapotea msikitini wakati wa swala, mpaka watu wakawa wanasali huku wanafikiria viatu. Tulikaa kwenye viti vya plastiki mbele ya duka la Mzee Salumu, yule wa vipuri. Kila aliyesimama alisema hakuna haja ya kutaja majina, kisha akanitazama mimi. Mzee Salumu akasema, "Ile nyumba ndo shina. Batoto ya batu ya heshima iko mule, tunajua, tunanyamaza." Nilihisi masikio yanawaka. Baba yangu alichomelea mageti ya nusu ya kartiye hii, na mimi nusu iliyobaki. Sikuwahi kutazamwa vile.

Nikasimama. Nikasema: chuma natoa mimi, na kazi natoa mimi.

Watu wakanipigia makofi. Nataka ujue kwamba makofi yale niliyapenda. Nimejitetea mwenyewe kwa mengi miaka hii, kwamba nilitaka kuwaokoa, kwamba nilidhani wakikosa pa kukaa watarudi nyumbani kwao. Yote hayo niliyafikiria baadaye, wakati wa kutafuta udhuru. Siku ile nilitaka kuosha uso, basi.

Ilikuwa Jumatano. Umeme ulikuwa umekatika, nikaazima jenereta. Nilisubiri vijana watoke, nikaanza na madirisha, nondo nne kila moja, kisha mlango. Niliweka bati nene la chuma na mikanda miwili ya kukatiza. Wapita njia waliniombea dua. Nilipoinua miwani nyeusi nibadilishe kijiti cha kuchomelea, Rama alikuwa amesimama hatua tano nyuma yangu, anatazama cheche kwa macho matupu. Jambo la kwanza kabisa nililomfundisha alipokuwa mdogo ni kwamba moto huu hautazamwi bila kioo. Nilitaka kumgombeza kwa hilo, kumbe ningefanya hivyo tu ingetosha. Angejua bado ni mwanangu.

"Baba, sasa tutalala wapi?"

"Hapa si kwenu."

"Na kule kwako si kwetu." Hakusema kwa hasira. "Baba, sikiya kidogo. Mule ndani tunachungana. Mumoja akilala mubaya, bengine banamuamusha. Ukifunga, kila mutu ataenda yake."

"Aende. Ndiyo ninachotaka."

Nikampa mgongo. Nikadhani ameondoka. Nilishusha miwani nikamalizia kona ya mwisho, ile ya chini kushoto, na nilipozima nikasikia sauti yake karibu sana.

"Baba, pale chini umeacha tundu. Haijashika."

Niliinama nikaangalia. Alikuwa sahihi. Nilikuwa na haraka, chuma hakikukamata. Nikaupiga mshono mara ya pili juu ya ule wa kwanza mpaka ukajaa. Nilipogeuka hakuwepo. Hayo ndiyo maneno ya mwisho kaka yako aliyoniambia, Zena, na alikuwa ananisaidia kazi.

Siku mbili baadaye, Ijumaa, Fiston alikuta mlango umefungwa. Akaja karakana, akasimama pale unaposimamaga wewe ukileta chai.

"Mzee, bako wapi?"

"Nimewasafisha," nikamjibu, na nikaendelea kukata chuma.

Akasubiri nizime mashine. "Mzee, kuwasafisha si kazi. Kazi ni kubapata tena. Sasa nitabatafuta mumoja mumoja." Alizunguka siku saba na ule mfuko wake. Wawili aliwakuta sokoni, mmoja kwenye gari bovu, na wengine hawakumfungulia tena mdomo, walidhani ni yeye aliyewachongea. Rama alimpata Ijumaa iliyofuata, kule korongoni chini ya Gihosha, amejikunja chini ya jiwe kubwa. Alikuwa peke yake. Alikuwa amekufa tangu jana yake, walisema. Kando yake kulikuwa na sindano moja, kuukuu, imetumika mpaka imepinda.

Nilimuosha mwenyewe pamoja na mjomba Hamisi. Wewe hukuona mikono yake, na ninamshukuru Mungu kwa hilo. Nilipitisha maji juu ya yale makovu kwa utaratibu ambao baba yangu alinifundisha, upande wa kulia kwanza, na nilikuwa nawaza kwamba sijamgusa mtoto huyu tangu siku niliyompiga. Mlangoni kulikuwa na watu wakinong'ona kama kijana aliyekufa vile anaswaliwa. Imamu akatoka akawaambia anayetaka kuswali apange safu, asiyetaka aende nyumbani. Mzee Salumu alipanga safu. Alilia kuliko mimi.

Wewe ulifika siku ya tatu. Ulivaa kile kitambaa cha bluu. Hukukaa hata nusu saa na wanawake, ukauliza Rama alikuwa akiishi wapi, ukaenda. Nilikufuata kwa mbali. Nilisimama ng'ambo ya barabara, nyuma ya mkokoteni wa muuza sabuni, nikakuona unapitisha kidole kwenye mshono wa mlango, kuanzia juu, unashuka polepole.

Sasa nisome vizuri hapa. Ulipokuwa na miaka saba ulikuwa unacheza mchezo mmoja karakana. Nilikuwa nakuonyesha mageti mawili, moja langu na moja la fundi mwingine, nawe unafumba macho, unapapasa, unasema, "Hii ya Baba." Hukukosea. Mshono wangu unaegemea kushoto kwa sababu ya kile kidole gumba kilichokatika. Wateja hawaoni, lakini wewe ulikuwa unaona kwa vidole.

Siku ile kidole chako kilishuka mpaka kona ya chini kushoto, pale nilipopiga mara mbili, kikasimama. Ulikaa umechuchumaa muda mrefu. Kisha ukageuka ukaniona. Tukarudi nyumbani, wewe mbele, mimi nyuma. Jioni, mkekani, mbele ya wanawake wote, ukasema kwa sauti ambayo nilisikia mpaka uani: "Mutu aliyefunga ule mulango, wallahi, salamu yangu asiitafute. Mpaka nife."

Wote waliokuwa mkekani walijua ni nani. Mama yako alijua. Hakuna aliyefungua mdomo, kwa sababu ya heshima yangu, ile ile niliyokuwa naiosha. Watu wa kartiye yetu ya Cibitoke wanajua kunyamaza. Kesho yake asubuhi ulinisalimia, ukaniletea chai, na tangu siku hiyo miaka mitatu nakutazama usoni kila ukiniamkia, nikijiuliza kama ulijua na ulikuwa unaniambia mimi, au kidole chako kilisahau. Sijapata jibu. Nimeogopa kulitafuta.

Baada ya arobaini Fiston alikuja kunipa pole. Mtu niliyetema mate mbele yake. Nilimpa kiti, hakukaa, akanieleza jambo ambalo alidhani nalijua. Mule ndani Rama alikuwa ameshazimika mara mbili, midomo imekuwa ya bluu. Mara ya kwanza wenzake walimlaza ubavu, wakampulizia pumzi mdomoni kama Fiston alivyowafundisha, wakampakia kwenye baiskeli mpaka dispansari. Mara ya pili ni wale wasichana wawili waliomwamsha. "Mule hakuna aliyekufa, Mzee," akasema. "Mwaka mzima, hakuna." Hakunilaumu. Angenilaumu ningeweza kumjibu.

Wiki ile nilichukua mashine ya kukatia, nikaenda nikaukata mlango wangu mwenyewe. Shefu wa kartiye aliniita, Mzee Salumu aliniita, nikawaambia mwenye haki ya kufunga nyumba ile ni Kazungu, na Kazungu yuko Uvira. Vijana hawakurudi. Nani angerudi? Ila Fiston aliomba chumba kimoja, akaweka benchi na pipa la maji, na polepole wakaanza kuja wawili watatu, kubadilisha sindano, kupimwa, kuoshwa vidonda. Bati lile nililileta karakana. Lilikaa ukutani miezi mingi mpaka Fiston alipolalamika kwamba vidumu vyake vya sindano chafu vinatobolewa na vinafunguliwa. Nikakata bati, nikamtengenezea sanduku dogo lenye upenyo mwembamba juu, sindano inapita, kidole cha mtoto hakipiti. Asosiyasyo wakalipenda, wakaagiza mengine. Ndiyo yale unayoyajua.

Na hapo ndipo aibu yangu ilipozidi, maana wewe uliyaona masanduku yale ukajivuna. Ulipoomba nafasi ya kwenda kusoma Dar es Salaam uliandika kwamba umevutiwa kwenye kazi hii na baba yako, fundi ambaye alimpoteza mtoto akageuza huzuni yake kuwa msaada. Ulinisomea barua ile hapa hapa, umekaa juu ya ndoo. Nilikuambia "vizuri" nikajifanya natafuta koleo. Siwezi kukuacha uvuke ziwa ukiwa umebeba baba ambaye hayupo. Chuma cha masanduku yale ni cha ule mlango.

Fiston alinieleza kwamba huko unakokwenda wapo watu wa unga wanaokunywa dawa kila asubuhi mbele ya muuguzi, mwili unatulia, kisha wanakwenda zao kazini. Nilimuuliza mara tatu. Wanakwenda kazini kweli? Fundi anaweza kushika mashine, mkono hautetemeki? Akasema ndiyo, Mzee, nimebaona. Nikaenda nyuma ya karakana nikalia mpaka mama yako akatuma mtu. Nilikuwa na mgonjwa nyumbani, mwenyewe aliniambia kwa mdomo wake, mimi nikamjibu habari za jela.

Siwezi kukufundisha uuguzi. Nakuomba tu, wakija pale kwenu wazazi wenye kelele, wenye ngumi kama mimi, usiwajibu kwa kitabu. Wape kiti. Wengi wao wanaogopa majirani kuliko wanavyoogopa ule unga, na hakuna anayewauliza kuhusu hilo. Na vijana wenyewe, usiwe na haraka ya kuwauliza wataacha lini. Mimi nilimuuliza Rama swali hilo kila alipopita nyumbani kula, hadi akakoma kuja. Sikumuuliza hata mara moja amelala wapi, na yuko na nani. Ningejua kwamba ana wenzake wanaomwamsha.

Mara nyingine nafikiri, Mungu anisamehe, kwamba ningemwacha na ule unga wake mule ndani akiwa hai, angeweza kuja kuacha mwenyewe. Angekuwa na miaka ishirini na saba sasa. Aliye hai unaweza kumsubiri. Mimi sikuwa na subira, na sasa nina subira nyingi na sina wa kumsubiri ila wewe.

Nilitaka kuificha barua hii chini kabisa ya sanduku lako la safari, uikute Kigoma au Dar, mahali ambapo huwezi kuniuliza kitu. Nilishaitafutia nafasi humo asubuhi. Nimebadili nia. Ningekuwa nimefunga mlango mwingine. Nitaiweka juu ya nguo zako, uikute ukirudi kutoka Buyenzi, na mama yako nitamwambia akuache peke yako.

Sanduku lenyewe unaliona nimelimaliza. Ni zito, nisamehe, sijui kutengeneza vitu vyepesi. Nimeliwekea mishikio miwili, kulia na kushoto, kwa sababu mtu mmoja hawezi kulibeba. Gari la mjomba Hamisi litafika kesho baada ya Alfajiri. Mimi nitakuwa nimesimama ukumbini upande wa kushoto wa sanduku. Ukimwita mjomba wako ashike, nitasogea, nitafuata nyuma mpaka bandarini, na sitakulaumu leo wala siku ya kufa kwangu. Salamu yako sitaitafuta, uliapa na nilisikia.

Lakini ukitaka, shika upande wa kulia. Si lazima useme neno. Nitaona mkono wako, nami nitanyanyua.

Baba yako,
Juma